Mafundi wa Tabora, nani aliwadanganya kwamba themostati ya injini ya gari ni pambo? Nimekamuliwa 173,000 na kifaa kimetolewa kimya kimya

Wakuu, nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira. Hasira imegoma kuisha, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nina Noah old model, ile ya injini ya 3S. Ndiyo inayonilisha. Jumamosi alfajiri napakia vitenge, nakwenda mnadani upande wa Urambo, jioni narudi Tabora mjini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 180, na miaka yote ilikuwa inanitosha lita 20. Shikeni hiyo namba.

Desemba tumevuka Ndono, temperecha ikaanza kupanda. Sikubishana na mshale, nikapaki chini ya mwembe na kuzima. Kijana wangu huyo, na tambara mkononi, anakimbilia mfuniko wa rejeta. Nilimpigia ukelele mpaka mbuzi wa watu wakatawanyika. Maji ya kwenye rejeta yenye presha yanakuwa na joto kupita la kuchemkia, ukifungua yanakurukia usoni. Tukakaa saa nzima. Nikiwa nasubiri nikagusa mabomba ya rejeta: la juu linaunguza, la chini baridi kabisa. Nikaona ajabu, nikanyamaza. Ningejua siku ile maana yake ni nini, uzi huu usingekuwepo.

Nikakokota mpaka mjini, napumzisha kila baada ya kilomita chache, nikafika gereji. Fundi hakuwasha hata gari. "Bosi, rejeta imeziba." Kuzibua 30,000. Kesho yake nikajaribu, sijamaliza hata mji, mshale juu. "Basi hiyo ni wota pampu." Pampu 75,000, ufundi 40,000, kulanti, ile dawa ya kupozea injini, 28,000. Pampu ya zamani nikapewa kwenye mfuko wa rambo. Nikaizungusha kwa mkono: haina mchezo, haina dalili ya kuvuja. Moyoni nikasema, mimi muuza vitenge, pampu nazijulia wapi?

Na gari ikaacha kuchemsha kweli. Mimi mjinga nikamnunulia fundi soda.

Wiki ya pili ndipo mambo yakaanza. Mshale umelala kwenye C, yaani baridi, hauinuki hata niwe na mzigo. Asubuhi resi inakaa juu muda mrefu kama gari ina haraka zake. Moshi mweusi. Zile lita 20 zangu zikawa 24. Nikamrudia fundi, akanitazama kama mtu asiye na shukrani: "Bosi, gari imepoa bado unalalamika? Wenzako wanatafuta hiyo." Nikaendelea kununua mafuta. Januari yote na Februari yote, kila safari lita nne za bure. Pigeni wenyewe hesabu, mimi nikipiga presha inapanda.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, zamani alikuwa karakana ya reli. Nilienda kumsalimia tu. Akaomba nichomoe kijiti cha oili, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Petroli! Oili ya injini inanuka petroli. Akachomoa plagi moja, nyeusi kama chini ya chungu. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, themostati ipo?" Nikamwambia ipo, si gari imekuja nayo. Akacheka kwa kikohozi.

Tukafungua pale bomba la chini linapoingilia kwenye injini. Kasha tupu. Hakuna themostati, hakuna mpira wake, kuna gundi nyekundu tu imepakwa pembeni kama siagi kwenye mkate. Kumbe siku anafunga pampu ndiyo siku aliyoitoa, maana viko jirani. Yaani ugonjwa aliuona! Alijua themostati imekwama, haifunguki, ndiyo maana bomba la chini lilikuwa baridi: maji ya moto hayapiti rejeta. Badala ya kuniambia "kaka, kanunue kifaa cha elfu ishirini," akaning'olea, akaninyamazia, akanilipisha pampu.

Nikampigia simu. Jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi: "Bosi, ile kitu Wajapani wameweka kwa ajili ya baridi yao. Huku Tabora joto lote hili, ya nini?"

Wakuu, hii kauli mmeshaisikia, msijifanye. Nimeisikia hapa, nimeisikia Nzega, shemeji yangu Kasulu naye aliambiwa hivyo hivyo, na Kasulu kuna baridi! Sasa nisikilizeni mimi muuza vitenge. Themostati ni vali yenye nta ndani. Maji yakiwa baridi imefunga, injini ipate moto upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi nta inatanuka, inasukuma, njia ya rejeta inafunguka. Kazi yake ni kuishikilia injini kwenye joto lake la kazi. Jua la Tabora likiwa kali sana ni nyuzi thelathini na kitu, injini inataka zaidi ya themanini. Hilo jua litasaidia nini? Ukiitoa, maji yanapita rejeta muda wote, sensa inamwambia kompyuta injini bado baridi, kompyuta inaongeza mafuta. Yasiyoungua yanateremka kwenye oili. Ndiyo harufu ile. Na mzee anasema zipo injini ambazo themostati ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato, ukiing'oa maji yanajizungukia humo humo bila kupita rejeta, gari inachemsha kuliko mwanzo.

Nilidhani mateso yameisha. Nikaenda duka la spea, nikapewa themostati kwenye boksi linalong'aa, 18,000. Mzee akakataa kuifunga kabla ya kuipima. Jiko la mkaa, sufuria ya maji, themostati tumeifunga uzi inaning'inia isiguse chini. Sisi huku tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ya 82 inatakiwa iwe imefunguka waziwazi hata kabla ya mapovu makubwa. Tumekaa, maji yanatokota, mvuke umejaa uani, mke wangu anauliza tunapika nini. Kifaa kimekaza mdomo. Dakika kumi, hata unywele haupiti. Kipya hicho!

Nikarudi dukani nayo bado ina uvuguvugu. Yule bwana akanionyesha kwa kidole maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia twende ukaione. Akasema ana wateja.

Nikaagiza Dar, ikaja na basi baada ya siku mbili. Sufuria ile ile. Kabla maji hayajachemka nikaona kisahani kinashuka polepole, kikaacha uwazi wa karibu sentimita. Nilishangilia kama Simba wamefunga. Mzee akaifunga, kile kijipini kinachocheza akakiweka juu ili hewa itoke, mpira mpya, bila gundi. Tukajaza maji na kulanti injini ikiwa baridi, tukaiacha inaunguruma mfuniko wazi mpaka hewa ikaisha. Mshale sasa unapanda katikati na kutulia hapo. Oili nimemwaga, nimeweka mpya, gharama nyingine hiyo. Jumamosi nimekwenda na kurudi kwa lita 20 na chenji.

Juzi nikapita gereji kudai angalau pesa ya pampu. Pesa hakuna. Nikamwambia basi nipe themostati yangu ya zamani uliyoitoa, nina haki nayo. Akajikuna kichwa. "Ile, bosi, nilimfungia jamaa mwingine mwenye Noah kama yako. Alikuwa anatafuta used."

Kwa hiyo, mkuu uliyefungiwa themostati "used ya Japani" hapa Tabora kati ya Desemba na Februari, na gari yako inachemsha, na umeambiwa rejeta imeziba: usinunue wota pampu. Fungua, weka sufuria jikoni.