Hisabati kidato cha kwanza, muhula wa kwanza: twende mada kwa mada au tuanze kwa kurudia sehemu (kama 1/2 na 1/3)?

MwalimuChumbageni:
Habari za jioni walimu wenzangu. Januari napokea kidato cha kwanza, vipindi vitano kwa wiki. Ukitoa majaribio, likizo fupi na mitihani ya Juni, zinabaki wiki kama 16. Nimebaki na njia mbili. Ama niende mada kwa mada kama nilivyozoea: namba, sehemu, desimali na asilimia, vipimo, jiometri, aljebra. Ama nitenge wiki nne za mwanzo kurudia sehemu na namba hasi tu, maana wengi wanakuja wakijumlisha 1/2 na 1/3 wanapata 2/5. Mnashauri ipi?

BintiPangani:
Ya kwanza, kaka. Wiki nne ni robo nzima ya muhula. Jiometri utaifundisha mbiombio mwezi wa tano, na waliotoka msingi wakiwa vizuri watakuwa wameshachoka.

MzeeWaChaki:
Mwalimu, hiyo 2/5 usiipite hivihivi. Mtoto amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini kwa sababu haoni kwamba 1/2 ni namba moja. Yeye anaona namba mbili zilizopandana. Kabla hujamtajia KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3), mwulize: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Akishaona kwamba ameanza na nusu, akaongeza, halafu akapata pungufu ya nusu, atakutafuta mwenyewe umwonyeshe njia.

Lakini wiki nne mfululizo za marudio sikubaliani nazo. Sehemu zirudie ndani ya mada nyingine. Mpe hili: machungwa ya Muheza yako kapuni, nusu yake ukijumlisha na theluthi yake unapata 10. Yako mangapi? Hapo ana x/2 + x/3 = 10. Akizidisha pande zote kwa 6 anapata 3x + 2x = 60, na x ni 12. Amefanya aljebra, na sehemu amezirudia bila kuambiwa anarudia. Nimeona watoto waliokata tamaa wakiamka kwa maswali ya namna hii.

MamaMakorora:
Shikamoo Mzee. Mimi ni mzazi tu. Mwanangu hesabu anaiweza, ila swali la maneno likiandikwa kwa Kiingereza anaganda. Miaka yote ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Walimu, msisahau kupanga muda wa hilo.

MzeeWaChaki:
Marahaba mama. Umesema kweli. Wasome swali kwa sauti, wachore, ndipo wakokotoe.

BintiPangani:
Kwa njia ya Mzee hata mimi nimelegeza msimamo. Ila jaribio la utambuzi lifanyike wiki ya kwanza, maswali kumi tu, ujue nani anahitaji nini. Na ukifika kwenye majira ya nukta, yaani namba mbili zinazoonyesha nukta ilipo, tumia Ngamiani, pale Tanga mjini ambako barabara zina namba. Mtoto wa pale anajua "barabara ya 12" peke yake haimfikishi mgeni nyumbani. Lazima aambiwe na inakokatana na mtaa gani. Barabara mbili, kona moja; namba mbili, nukta moja.

MwalimuChumbageni:
Ahsanteni sana. Basi azimio la kazi litakuwa hivi: wiki ya kwanza utambuzi, wiki mbili sehemu na namba hasi, kisha mada zinaendelea, na kila Ijumaa kipindi kimoja cha maswali mchanganyiko. Aljebra naivuta ije kabla ya jiometri. Mzee, kama una maswali mengine ya aina ya machungwa, nitumie kabla shule hazijafunguliwa.