Kichocho kinaweza kufika hadi kwenye moyo?

mtoto_wa_ukerewe: Wakuu, bro wangu ni mvuvi, siku hizi akitembea kidogo tu anahema, miguu imevimba, eko (ultrasaundi ya moyo) imeonyesha upande wa kulia wa moyo umetanuka na dokta anauliza kama ashawahi kuumwa kichocho. Kichocho na moyo wapi na wapi?

mama_nyakato: Pole sana ndugu. Dokta kauliza la maana. Minyoo ya kichocho cha tumbo inataga kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanakwama kwenye ini linakakamaa, baadaye mengine yanapita hadi mapafuni yanaziba vimishipa, presha ya huko inapanda na moyo upande wa kulia unasukuma mpaka unachoka.

labu_mza: Apime choo, mayai yake yana mwiba ubavuni. Ila ugonjwa ukiwa wa zamani yanaweza yasionekane, so aongeze kipimo cha mkojo cha CCA (kinatafuta protini inayotolewa na minyoo hiyo) na ultrasaundi ya ini. Dawa ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo, mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya 600.

mama_nyakato: Na hiyo inaua minyoo tu jamani, presha ya mapafu ina dawa zake, msiache kliniki ya moyo!

mtoto_wa_ukerewe: Asanteni mno, kesho tunavuka kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.