Michango ya NSSF kwa anayehama kazi kutoka Tabora kwenda Kigoma

Swali: Ndugu wanajamvi, ninaacha kazi katika kampuni binafsi ya tumbaku hapa Tabora na kuajiriwa na kampuni nyingine Kigoma mjini. Je, michango yangu ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) itaanza upya?

Jibu la 1: Hapana, ndugu yangu. Tangu 2018 watumishi wa umma wako PSSSF, yaani mfuko wao wa hifadhi ya jamii, na sekta binafsi imebaki NSSF. Hivyo mpe mwajiri mpya namba yako ileile, ili miezi iendelee kujumlishwa hadi ifikie 180 inayohitajika kwa pensheni ya uzee.

Jibu la 2: Hakikisha pia kwamba mwajiri wa sasa amewasilisha michango yote, kwani kukatwa mshahara pekee hakuthibitishi kwamba fedha zimefika kwenye mfuko. Jambo hili huwaumiza sana wafanyakazi wa msimu.

Muulizaji: Asanteni. Nitaomba taarifa ya michango kabla sijahama.