Voyager 1 inasikikaje kwa wati 23?

Fundi wa Kondele: Natengeneza redio hapa Kisumu. Nikipita Ahero tu, stesheni ndogo ya mtaani huanza kukwaruza. Voyager 1, chombo cha NASA kilicho mbali sana angani, ilirushwa 1977 na redio yake hutuma kwa wati kama 23. Mbona bado inasikika?

Mwalimu, Nakuru: Siri ni dishi, kaka. Lake lina mita 3.7, limeelekezwa huku kwetu. Stesheni yako hutawanya nguvu kila upande. Wapokeaji wa NASA hapa Duniani wana madishi ya mita 70 kule Goldstone (Marekani), Madrid na Canberra, Dunia ikizunguka moja linaiona. Na amplifaya (kikuza mawimbi) ya kwanza ya dishi hilo hupozwa chini ya nyuzi -250 za Selsiasi, isizidishe kelele zake.

Dada wa Kakamega: Pia hutuma polepole, biti 160 kwa sekunde. Kama nyanya akiita ng'ambo ya mto: neno moja moja, kwa kuvuta.

Fundi wa Kondele: Kelele za amplifaya! Hizo nazijua, nimepambana nazo miaka. Asanteni sana.