Waliorudia GRE, GMAT au SAT alama zikapanda: mlibadilisha nini? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wale waliofanya mtihani wa kuombea chuo (GRE wa shahada za juu, GMAT wa shule za biashara, SAT wa shahada ya kwanza), wakapata alama zilizowavunja moyo, kisha wakajipanga na kurudi. Sitafuti ratiba za kujisomea, hizo zimejaa kila kona na nyingi zinaandikwa na wanaouza tuisheni. Nataka tuambiane jambo moja: kati ya ule mtihani uliokuangusha na ule uliokunyanyua, ni nini hasa ulikifanya tofauti?

Naanza mimi. Nilifanya GRE, ambayo sehemu ya hesabu na ya lugha kila moja ina alama kuanzia 130 hadi 170. Hesabu yangu ilikuwa 152. Nikapiga msuli, nikamaliza vitabu vya maswali, nikarisiti: 153. Iliniuma sana, maana bidii haikukosekana.

Kilichonisaidia ni kuacha maswali mapya kwa muda na kurudi kwa yale niliyokwisha kuyakosa. Niliyagawa kwa sababu: sikuijua kanuni, niliijua lakini sikulisoma swali sawasawa, muda uliniishia, au nilibahatisha nikapata. Hilo kundi la mwisho wengi hawaliandiki kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi, wakati ukweli ni kwamba swali hilo hulijui. Nilitegemea tatizo liwe kanuni. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa kusoma swali, hasa yale ya kulinganisha kiasi A na kiasi B.

Chukua mfano: ulinganishe x na x², na swali halijasema lolote kuhusu x. Akili inakimbilia 2 au 3, unaona x² ni kubwa, unajibu, unasonga mbele. Weka nusu: x² inakuwa robo, ndogo kuliko x. Weka 0: zinalingana. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Nikajiwekea desturi ya kujaribu 0, 1, namba hasi na sehemu kama nusu kabla ya kugusa jibu lolote la aina hiyo. Mtihani uliofuata nilipata 161. Hesabu mpya niliyojifunza katikati ni kidogo mno.

Karibuni.

KalamuNzito

Asante mkuu kwa uzi. Mimi ni wa GMAT, na ugonjwa wangu ulikuwa ubishi. Swali likiwa gumu siliachi.

Kwa asiyeifahamu: tangu Novemba 2023 GMAT ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa data 20. Kwenye hesabu ni dakika mbili na kidogo kwa swali. Mimi nilikuwa natumia tano kwa moja lililonikera, halafu mwishoni yanabaki maswali hayajaguswa. GMAT ina adhabu kwa maswali yasiyojibiwa, na inauma kuliko kukosea.

Nilichobadilisha ni hiki: sekunde za mwanzo najiuliza kama njia naiona. Kama siioni, nachagua jibu, naweka alama ya kurudi, naenda. Mtihani wa sasa unaruhusu kurejea maswali ukimaliza sehemu na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu, kwa hiyo kuliacha swali si kulizika. Hili nililifanyia mazoezi kama somo linalojitegemea: nakaa na seti yenye maswali magumu kwa makusudi na jukumu langu ni kutambua yapi ya kuachia. Alama zikatoka 555 hadi 645.

Na hapo niseme jambo, maana nimeona watu wanalia bila sababu. Msilinganishe alama za sasa na za mtihani wa zamani. Kipimo cha sasa ni 205 hadi 805 na alama zote huishia na 5. Mtu akikwambia alipata 700, anaongelea mtihani wa zamani. 645 ya leo inakuweka takriban pale 700 ilipokuwa inakuweka kati ya watahiniwa wengine. Kuna rafiki yangu alitaka kurisiti 655 akidhani amefeli!

Mwana_wa_Mwisho

SAT hapa, nitakuwa mfupi. Tangu iwe ya kompyuta, kila somo lina moduli mbili, na ugumu wa moduli ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Mara ya kwanza niliikimbilia moduli ya kwanza ili nipumue, nikapoteza maswali mepesi. Nilipoanza kuyahakiki majibu ya moduli ya kwanza kabla muda haujaisha, hesabu ilipanda peke yake. Pia jifunzeni kikokotoo cha Desmos kilichomo ndani ya programu ya mtihani. Mlinganyo unaokula dakika mbili kwa mkono unachora grafu, unaona mistari ilipokutana, umemaliza.

Zuhura_M

Wakuu naomba kuuliza. Mimi kwenye mitihani ya majaribio napata vizuri tu, siku yenyewe zinashuka. Ni woga au ni nini?

KalamuNzito

Dada Zuhura, woga upo, lakini kwanza angalia hiyo mitihani ya majaribio unaifanyaje. Je, unasimamisha saa ukipigiwa simu? Unafanya sehemu moja leo na nyingine kesho? Na je, maswali yenyewe ni mapya kwako au ulishawahi kuyaona? Swali uliloliona miezi iliyopita bado limo kichwani hata kama unadhani umelisahau, na alama inayopatikana hivyo inakudanganya. Waandaaji wa GRE wanatoa mitihani miwili ya majaribio bure, na GMAT nao miwili. Hiyo ndiyo inayokaribia kitu chenyewe. Usiimalize wiki ya kwanza kwa hamu ya kujua uko wapi. Anza na mmoja, mwingine utunze hadi karibu na siku, ufanye saa ileile utakayofanyia mtihani, mfululizo, simu iko chumba kingine.

Msomaji wa Usiku

Nimeona wengi mnaongelea hesabu. Mimi hesabu haikuwa shida, lugha ndiyo ilinitesa. Kiingereza ni lugha yangu ya tatu na sehemu ya lugha ya GRE ilinikataa kabisa.

Nilifanya kile kila mtu anachofanya, kukariri orodha za maneno. Nilikariri mengi. Alama zikapanda kidogo sana, kwa sababu nilikuwa najua neno na maana yake moja, na mtihani unapenda maana ya pili. Pia nilikuwa nasoma sentensi yenye nafasi wazi kisha nakimbilia machaguo, na machaguo yametungwa ili yakuvute. Nikageuza utaratibu. Nafunika machaguo kwa mkono, nasoma sentensi, natafuta ishara: kuna neno la kugeuza lenye maana ya "ingawa" au "badala yake"? Kuna nukta mbili inayoeleza kilichotangulia? Kisha najaza nafasi kwa neno langu mwenyewe, hata la Kiswahili. Ndiyo, la Kiswahili! Nikishajua pale panataka "mchoyo", namtafuta mchoyo kwenye orodha. Yale maswali ya kuchagua maneno mawili yanayoipa sentensi maana moja yakawa rafiki zangu, maana nikiona neno zuri lisilo na mwenzake najua si jibu.

Kwenye vifungu vya habari, niliacha kuuliza "lipi ni sahihi?" nikaanza kuuliza "mstari gani unasema hivi?" Machaguo mengi ya uongo ni ukweli uliozidishwa. Kifungu kimesema "baadhi ya watafiti", chaguo linasema "watafiti". Kama sioni mstari, nalifuta hata kama linapendeza. Hili lilinipandisha kuliko orodha zote za maneno.

Nahodha

Naomba nitoe mtazamo wa pembeni, bila kumkatisha mtu tamaa. Mimi niliacha kurudia. Niliandikia idara nilizokuwa naomba, nikagundua baadhi haziitaki GRE kabisa na nyingine zimeifanya hiari. Muda uliobaki niliuweka kwenye barua ya maelezo binafsi na kuwafuata walimu wa kuniandikia mapendekezo, nikapata nafasi. Ila wa SAT muwe makini, upepo umegeuka: chuo cha MIT cha Marekani kilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, Harvard na Dartmouth zikatangaza kurudisha mwaka 2024. Soma ukurasa wa chuo chenyewe, usitegemee ya kusikia. Na kwa GRE, alama zinadumu miaka mitano na unaweza kuchagua zipi zitumwe, kwa hiyo ile siku mbaya haikufuati kila unakoomba.

Zuhura_M

Nimejifunza mengi, Mungu awabariki. Mtihani wangu wa GRE umekaribia na bado alama za majaribio zinapanda na kushuka. Niahirishe?

Mwanzisha uzi

Dada, chukua mitihani yako ya karibuni iliyofanywa kwa masharti aliyosema KalamuNzito, utafute wastani, usiangalie ule mmoja uliokufurahisha. Wastani ukifika unapohitaji, nenda. Usipofika, na tarehe ya mwisho ya chuo inaruhusu, sogeza mbele. GRE inakuruhusu kurudi baada ya siku 21 na isizidi mara tano ndani ya miezi 12 (GMAT ni siku 16, nao mara tano), lakini siku 21 hazitoshi kubadilisha tabia ya kusoma swali. Na ukituma hapa orodha ya maswali uliyokosa pamoja na sababu zake, nitakaa nayo usiku huu tuitazame pamoja.