Tom Mboya: alitokaje KAU akaingia kwenye vyama vya wafanyakazi?

Swali
Shikamooni wazee. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye ghala moja huku Changamwe. Wenzangu wanashikilia kwamba chama kisiguse siasa, na humtaja Mboya, yule kiongozi wa wafanyakazi aliyekuja kuwa waziri, kuwa alikifanya chama ngazi ya kupandia. Najua alianza kujulikana KAU, chama cha siasa cha Kenya African Union. Aliiacha siasa akaenda kwa wafanyakazi, au ilikuwaje?

Jibu
Marahaba mwanangu. Mimi ni kuli mstaafu wa Kilindini, na marehemu baba alikuwa kuli, kwa hivyo habari hizi nimekulia ndani yake.

Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi. Mzungu wa kazi ile ile alilipwa karibu mara tano yake. Siku moja mama wa Kizungu aliingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamkuta Mboya peke yake, akauliza kama mle hamna mtu! Aliyeulizwa hivyo ana haja gani ya kuhubiriwa umoja wa wafanyakazi?

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, wakubwa wa KAU wakakamatwa, naye akashika idara ya habari, kisha akakaimu uweka hazina. Juni 1953 KAU ikapigwa marufuku. Mwaka huo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kijana wa miaka 23. Ngazi gani hiyo? Aprili 1954 Anvil, msako mkubwa wa wakoloni, ulizoa viongozi wengi wa vyama Nairobi. Aliyebaki kwenye kiti kile alijua kinachomngoja.

Machi 1955 makuli wa Mombasa waligoma. Mboya akateremka kutoka Nairobi, akawaomba watu wenye hasira warudi kazini ili madai yaamuliwe na msuluhishi. Ombi zito hilo, wallahi. Mishahara ikapanda takriban theluthi. Baba aliitaja nyongeza ile mpaka uzeeni.

Jibu
Mzee, nakuheshimu, lakini msimulie yote. Oktoba 1962 Mboya huyo huyo, sasa waziri wa kazi, ndiye aliyesimamia mkataba wa mahusiano ya viwandani uliotanguliza mazungumzo na kuufanya mgomo uwe hatua ya mwisho kabisa. Mwaka 1965 serikali ikavunja mashirikisho, ikaanzisha COTU, shirikisho moja la vyama vyote. Na makuli hawakufunzwa umoja na Mboya: Januari 1947 walishagoma, Chege Kibachia akiwaongoza, wakikutana Kiwanja cha Maskini.

Jibu
Kibachia umemtaja kwa haki, wakoloni walimhamishia Baringo kwa lazima kwa ajili yetu. Kuhusu 1962 sikubishii, mkataba ule ulitubana. Ila tazama 1956: serikali ilitishia kulifunga shirikisho eti linazungumza siasa. Siasa yenyewe ni watu kufukuzwa makwao na kutiwa vizuizini. Anayekaa kizuizini atafanya kazi saa ngapi?

Muulizaji
Asanteni sana. Jumamosi tuna mkutano wa tawi. Nitaanza na chupa ya maziwa, halafu tuusome mkataba wa 1962 kifungu kwa kifungu.