Assateague na watoto: tulale hema au turudi siku hiyohiyo?

mama_wawili
Wakuu habari za wikendi. Niko Baltimore, wanangu wa miaka 6 na 9 kila siku ni farasi wa porini tu, nataka niwapeleke kisiwa cha Assateague, kile kilichoko nusu Maryland nusu Virginia, mwezi wa nane kabla shule hazijafunguliwa tulale hema usiku mmoja. Niingilie Maryland au Virginia? Na hao farasi wanaonekana kweli?

mvuvi_wa_salisbury
Dada ingilia Maryland, kulala hema ni huko, Virginia unashinda tu mchana ukalale mjini Chincoteague. Na msijidanganye mtapita kisiwani kwa kisiwani, barabara haiungani, mpakani kuna uzio unaotenga makundi mawili ya farasi, lazima mrudi bara mzunguke zaidi ya saa nzima. Farasi mtawaona, wanakatiza mpaka kwenye mahema. Ila watoto waambie mapema, wakae futi 40 mbali na farasi, hamna kumpapasa wala kumpa karoti. Farasi akishazoea chakula cha watu anafuata magari, na wapo waliogongwa wakafa barabarani, inauma sana.

baba_kambi
Mwezi wa nane hapana jamani, mbu na pange wa kule wanauma juu ya nguo. Nenda wa kumi, na uchukue upande wa bahari wenye upepo, sio wa ghuba. Nafasi unaweza kubuku miezi 6 kabla na zinaisha haraka. Beba vigingi virefu vya mchangani, vile vifupi vinavyokuja na hema upepo ukianza tu vinang'oka. Na chakula kifungie kwenye gari, sisi tuliamka alfajiri tukakuta farasi kashasukuma mfuniko wa deli kwa pua, mkate wote umelowa mate, nikaona aibu maana kosa letu ndio linamharibu yule mnyama.

mama_wawili
Basi wa kumi, nitaomba ruhusa shule Ijumaa. Mbali na farasi niwaonyeshe nini?

mvuvi_wa_salisbury
Wapitishe njia ya Life of the Dunes, mchangani humo kuna vipande vya lami ya barabara ya zamani, Baltimore Boulevard, jina la mji wenu kabisa! Watu walishapimiwa viwanja wajenge, tufani la Machi 1962 likafagia, na 1965 ndio ikawa hifadhi. Kisiwa chenyewe kinasogea kuelekea bara, mawimbi yanavusha mchanga. Mwambie yule mkubwa aiguse ile lami.

mama_wawili
Nimebuku sasa hivi, upande wa bahari. Asanteni sana ndugu zangu.